Miezi saba baada ya kujifungua, bado naumia kwenye tendo la ndoa: jibu kwa mama wa Tanga

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 27, naishi Tanga. Miezi saba iliyopita nilijifungua mtoto wangu wa kwanza kwa njia ya kawaida, nikaongezewa njia na kushonwa. Baada ya arobaini tulianza kukutana na mume wangu, na tangu siku hiyo sijakutana naye hata mara moja bila kuumia. Anapoingia naungua kama nachanika, na siku nyingine tumbo la chini linauma hadi kesho yake. Mara tatu nimeambiwa nina UTI, nimemeza dawa, sijapona. Shangazi amenipa shabu, anasema nimelegea ndiyo maana sisikii raha. Bado nanyonyesha, na natumia sindano ya miezi mitatu. Mume wangu ameanza kusema simtaki. Je, kizazi changu kimeharibika? Nitaweza kuzaa tena?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi: katika yote uliyoandika sijaona dalili kwamba kizazi chako kimeharibika. Ninachokiona ni mambo matatu au manne yaliyokutana kwa wakati mmoja kwenye mwili uliotoka kuzaa, na kila moja lina tiba yake. Ila shabu iache leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma. Sababu nitakueleza.

Tena ujue kwamba hali hii inawapata wengi. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia uliowafuatilia wanawake zaidi ya 1,200 waliozaa kwa mara ya kwanza. Miezi sita baada ya kujifungua, zaidi ya wanne katika kila kumi bado walikuwa wanaumia wakati wa tendo. Baada ya mwaka na nusu bado ilikuwa karibu mmoja katika kila wanne. Na waliojifungua kwa upasuaji nao walikuwemo, kwa hiyo si suala la nyuzi peke yake. Huku kwetu wanawake wanayajua haya kwa miili yao, lakini wakienda kliniki mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, na mama haulizwi kitu. Arobaini ikiisha kila mtu anachukulia kuwa amepona. Arobaini ina maana yake: damu ya uzazi mara nyingi imekwisha na kizazi kimerudi karibu na ukubwa wake wa kawaida. Lakini kovu la msamba, ngozi ya uke na misuli ya nyonga havifuati hesabu hiyo. Vinaweza kuchukua miezi.

Mwanamke akiniambia anaumia, namuuliza kwanza anaumia wapi, na maumivu yanaanza wakati gani. Wewe umeshanijibu bila kuulizwa: unayo maumivu ya aina mbili. Yako ya mlangoni, yanayounguza pale anapoingia, na yako ya ndani, ya tumbo la chini, yanayobaki hadi kesho yake. Usiyachanganye, kwa sababu mara nyingi hayana chanzo kimoja. Naamini hapo ndipo matibabu yako yalipopotea njia.

Tuanze na ya mlangoni, maana ndiyo yanayokupata kila mara.

Unanyonyesha. Homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, inaziambia ovari, yaani mifuko ya mayai, zipumzike. Ovari zikipumzika, estrojeni inashuka, na estrojeni ndiyo inayoifanya ngozi ya uke iwe nene, yenye unyevu na yenye kuvutika. Ikishuka, ngozi hiyo inakuwa nyembamba na kavu, inachubuka kwa msuguano mdogo, karibu sawa na ya mama aliyekoma hedhi. Unaweza kumpenda mumeo, ukawa na hamu naye, na bado ute usije wa kutosha. Hili naomba mumeo alisikie kwa maneno hayo hayo, kwa sababu wanaume wengi huupima upendo wa mke kwa ute, na mama anayenyonyesha hawezi kuutoa kwa kutaka tu.

Juu ya hapo upo kwenye sindano ya miezi mitatu. Sindano hiyo nayo huzituliza ovari, na baadhi ya wanawake huwaletea ukavu na kupungua kwa hamu. Si wote, wala sikuambii uiache kesho. Mtoto wako ana miezi saba, na kinga ya kunyonyesha dhidi ya mimba inategemewa tu katika miezi sita ya mwanzo, mtoto akiwa ananyonya maziwa ya mama peke yake na hedhi haijarudi. Ukiacha sindano bila njia nyingine unaweza kushika mimba kabla hata hedhi haijarudi. Ila tarehe ya sindano inayofuata ikifika, mwambie muuguzi wa uzazi wa mpango kuhusu ukavu huu na uulizie kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni kabisa.

Halafu kuna kovu. Kuongezewa njia kwa kawaida ni mkato unaoanzia chini ya mlango wa uke na kwenda pembeni, na hupita kwenye ngozi, nyama na misuli. Likifunga vizuri, kovu hulainika lenyewe. Lakini mara nyingine linabaki gumu, au lilishonwa kwa kubana mno, au kuna neva iliyonaswa ndani yake. Pengine hubaki kinyama chekundu ambacho hakijafunikwa na ngozi, ukikigusa kinatoa damu. Hicho huunguzwa kliniki kwa dawa, ni kazi ya dakika chache, na nimewaona wanawake walioteseka mwaka mzima kwa kinyama chenye ukubwa wa punje ya mtama. Siku ukiwa umetulia, nawa mikono, chukua kioo kidogo, kisha kwa kidole chenye mafuta safi ya nazi gusa taratibu kuzunguka mlango wa uke. Kama panauma sehemu moja tu, tuseme chini upande wa kulia ulikokatwa, kovu lina sehemu kubwa katika kesi yako. Kama panaunguza pande zote, fikiria zaidi ukavu, fangasi, au dawa na sabuni ulizotumia.

Nikuulize pia: ulikandwa? Najua Tanga mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na kumkanda mgongo na miguu hakuna ubaya. Lakini maji ya moto yakimwagwa kwenye nyuzi, au mzazi akikalishwa juu ya mvuke au moshi wa kujifukiza wakati kidonda ni kibichi, yanaweza kuunguza ngozi laini na kuchelewesha kupona. Kama kidonda chako kiliwahi kuachia, kikatoa usaha au kikachukua wiki nyingi kufunga, mweleze daktari atakayekupima. Ni habari muhimu kuliko wanawake wengi wanavyodhani.

Sasa shabu. Shangazi amekupa kwa mapenzi, na ushauri huo ameurithi. Lakini shabu hufanya kazi kwa kunyonya maji na kukunja ngozi. Kinachohisika kama kubana ni ngozi iliyokauka na kuvimba. Ngozi yako tayari haina unyevu kwa sababu ya kunyonyesha, na wewe unaikausha zaidi, kisha inasuguliwa. Inachanika. Michubuko hiyo ni njia rahisi kwa virusi vya UKIMWI na maambukizi mengine kupita. Ndivyo ilivyo pia kwa ndimu, chumvi, unga wa tumbaku, vipande vya sabuni, na vidonge vya kubana vinavyouzwa mitandaoni. Tena uke una bakteria wake wazuri wanaotengeneza asidi na kuuweka salama. Ukiuosha kwa sabuni hadi ndani unawaua, na harufu unayoikimbia ndipo inapokuja. Maji matupu, kwa nje tu, yanatosha.

Na hujalegea. Mwanamke anayeungua kila anapoingiliwa, mara nyingi misuli yake imekaza kupita kiasi. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hili halielezwi vya kutosha.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi kitako, na mlango wa uke unapita katikati yake. Mtu akikunyooshea kidole karibu na jicho, kope hufunga kabla hujafikiri. Misuli hii nayo hufanya hivyo hivyo. Ukiumia mara ya kwanza, mwili unakumbuka. Mara ya pili misuli inakaza kabla hajakugusa, na mlango uliokaza unapolazimishwa maumivu yanazidi. Mara ya tatu unaanza kuogopa tangu saa ya chakula cha jioni, na mwanamke mwenye hofu hatoi ute. Ukavu uliokuwa wa homoni unageuka kuwa wa homoni na wa hofu. Kwa njia hii chanzo cha kwanza kinaweza kupona kabisa, kovu likalainika, fangasi ikaisha, na mwanamke akaendelea kuumia kwa miaka kwa sababu misuli imejifunza kujikinga. Maumivu hayo ni ya kweli, ya mwili, na anayekwambia ni ya kichwani hajawahi kuigusa misuli hiyo ilivyo ngumu.

Ndiyo maana ushauri wa "vumilia, utazoea" unaniudhi sana. Makungwi na masomo wetu wanafundisha mambo mengi mazuri, lakini hili la kuvumilia maumivu linazidisha ugonjwa. Kila tendo unalolivumilia kwa kuuma meno linaifundisha misuli kukaza zaidi. Kwa hiyo agizo langu la kwanza kwako ni kwamba uingiliaji usimame kwa muda. Si unyumba wote. Kukumbatiana, kubusiana, kukandana mgongo, kushikana pale ambapo hapaumi, vyote viendelee, ila mkubaliane mapema kwamba usiku huo hakuna kuingia. Wanandoa wengi wakifanya hivi hamu inarudi, kwa sababu mke haogopi tena kuguswa.

Na usifanye mazoezi ya kukaza uke, yale ya kubana kama unayezuia mkojo, ingawa utayasikia yakisifiwa kwa kila aliyejifungua. Yana faida kwa anayevujisha mkojo. Wewe unahitaji kinyume chake. Lala chali, kunja magoti, weka mkono tumboni, vuta pumzi taratibu hadi tumbo lipande, na wakati huo huo achia misuli ya chini kama unayeanza kukojoa. Dakika tano asubuhi na tano usiku. Baada ya wiki mbili hivi, ongeza kulikanda kovu: kidole gumba chenye mafuta ya nazi, ndani kidogo ya mlango wa uke, ukiminya kwenda chini na pembeni hadi uhisi kuvutika kusikofika kuwa maumivu. Kama kuna kidonda, damu au usaha, usikande. Nenda ukaonwe kwanza.

Tuje kwenye UTI. Mara tatu umetibiwa na hujapona, nami nina shaka kama uliwahi kuwa nayo. UTI ya kibofu inauma ndani wakati wa kukojoa, inakufanya uende chooni kila mara kwa mkojo kidogo, na haina sababu ya kutokea tu pale mume anapoingia. Kama mkojo unakuunguza kwa nje unapogusa ngozi, tatizo ni ngozi iliyochubuka. Kuhusu kipimo, mkojo uliokingwa bila kujisafisha, tena ule wa mwanzo, hubeba seli nyeupe na ute kutoka ukeni, na maabara inaweza kuandika kuwa kuna maambukizi. Ukiambiwa mara ya nne kwamba una UTI, omba mkojo uoteshwe maabara, ionekane kama kweli kuna bakteria, kabla ya kumeza dawa nyingine. Tena antibayotiki za mara kwa mara huua bakteria wazuri wa uke na kuipa fangasi nafasi. Unawashwa? Unatoa uchafu mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda? Basi pengine una fangasi iliyoletwa na matibabu ya ugonjwa ambao hukuwa nao. Uchafu wa kijivu wenye harufu ya samaki, au wa kijani wenye povu, ni mambo mengine na dawa zake ni tofauti. Sampuli ya majimaji ya uke ichukuliwe na kupimwa. Usinunue dawa dukani kwa kukisia.

Maumivu yako ya tumbo la chini lazima niyatazame kwa jicho la pili, kwa sababu nyuzi na ukavu peke yake haviyaelezi vizuri. Huenda ni jambo dogo. Mwanamke akipata hamu ya kutosha, uke hurefuka na kizazi hupanda juu; akiingiliwa kabla ya hapo, mlango wa kizazi hugongwa, na mishituko hiyo huacha tumbo likiuma. Choo kigumu nacho, ambacho ni cha kawaida kwa wazazi, hufanya vivyo hivyo. Misuli ya nyonga iliyokaza kwa muda mrefu inaweza kuuma hadi kesho yake kama mguu uliobanwa na mkazo usiku. Lakini kuna magonjwa ambayo hatuyaachi bila kuyatafuta.

La kwanza ni maambukizi ya nyonga, yale ambayo mnayaita PID. Yanaweza kuanza baada ya kujifungua, au kutokana na magonjwa ya zinaa ya klamidia na kisonono, na klamidia hasa hukaa mwilini kimya. Daktari akiugusa mlango wa kizazi na kuusogeza, mwenye ugonjwa huu anaruka. Ukikutwa nao, mumeo naye lazima atibiwe siku hizo hizo, la sivyo mtarudishiana. Kukutwa na klamidia hakumwambii mtu yeyote ni nani aliyeileta wala lini, maana mtu anaweza kuwa nayo miezi mingi bila kujua. Usikubali kipimo hicho kigeuzwe kesi ya ndoa.

La pili ni kichocho, na hapa nakuuliza ulikulia wapi. Kama utotoni uliogelea, ulifua au uliteka maji kwenye mabwawa, mifereji ya mpunga au mito ya mwambao, Pemba, Unguja au kanda ya Ziwa, na hasa kama uliwahi kukojoa damu, lazima umwambie daktari. Mayai ya kichocho cha mkojo hukwama pia kwenye mlango wa kizazi na kuta za uke, yakaacha mabaka kama mchanga wa njano na mishipa inayotoa damu kwa urahisi. Mwanamke anaumia kwenye tendo, anatoa damu baada yake, anatibiwa magonjwa ya zinaa mara kumi bila kupona, na kumbe ni kichocho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana milioni 56 Afrika kusini mwa Sahara wana kichocho cha viungo vya uzazi, na mwaka 2015 lilitoa kitabu cha picha ili watoa huduma wajue mabaka hayo yanavyoonekana. Wengi bado hawajakiona. Mkojo unaweza kupimwa ukakutwa hauna mayai na kizazi kikawa nayo, kwa hiyo jibu safi la mkojo peke yake halitoshi kukuondolea shaka. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile inayogawiwa shuleni, na anayenyonyesha anaweza kuitumia.

Baada ya hayo kuna uvimbe wa kizazi, uvimbe wa maji kwenye ovari, ambao altrasaundi huuonyesha, na kuna endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na ngozi ya ndani ya kizazi huota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hata kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linasema huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Altrasaundi ya kawaida mara nyingi haiuoni. Dalili yake kubwa ni historia: je, tangu usichana hedhi yako ilikuwa ya kukulaza, ya kukosa shule, ya kuumia hata unapokwenda haja kubwa siku za hedhi? Kama ndiyo, liseme. Kwa sasa kunyonyesha na sindano vinaweza kuwa vimeuficha, na hedhi itakaporudi utajua zaidi.

Wapo dada wengine watakaosoma jibu hili ambao kesi yao si ya uzazi. Kwao nina maneno machache tu. Uliyeolewa miaka miwili na hujawahi kuingilika, ukihisi kama kuna ukuta: hakuna ukuta, mara nyingi ni misuli ile ile niliyoieleza, na inafundishika taratibu kwa kidole chako mwenyewe, kisha vifaa vidogo vya kupanulia, ukisaidiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Mama uliyekoma hedhi: usiambiwe umezeeka, krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni ipo na inasaidia sana. Uliyekeketwa, na hasa uliyeshonwa kama inavyofanyika kwa dada zetu wa Kisomali na baadhi ya jamii za kaskazini mashariki mwa Kenya: kufunguliwa hospitalini kwa ganzi kunawezekana, ni upasuaji mdogo, na ufanyike kabla ya kushika mimba ikiwezekana. Usikubali kufunguliwa na mume kwa nguvu.

Turudi kwako, mdogo wangu. Usiende tena dukani wala kwenye maabara ya mtaani. Nenda hospitali yenye daktari wa wanawake. Kwa Tanga mjini anza na hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo. Ukifika usiseme "naumwa tumbo" ukasubiri aulize zaidi. Sema hivi: "Nimejifungua miezi saba, niliongezewa njia, ninaumia wakati wa tendo la ndoa, mlangoni na ndani, naomba kupimwa ukeni." Una haki ya kuomba mtoa huduma mwanamke, au muuguzi wa kike awepo. Na una haki ya kusema simama wakati wowote wa kipimo. Mwombe aanze kwa kugusa nje kwa pamba, kisha kidole kimoja, na kile chombo cha kufungulia uke kiwe kidogo, chenye jeli. Kipimo kikifanywa kwa pupa kinaongeza hofu ile ile tunayoitibu.

Waulize kuhusu krimu ya estrojeni ya dozi ndogo kwa mlango wa uke. Kwa mama anayenyonyesha daktari anaweza kuiandika kwa wiki chache, na mara nyingi ndiyo inayogeuza mambo. Omba pia kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kama hujawahi, maana uko hapo hapo na kipimo cha siki, yaani kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi na kutazamwa, huchukua dakika chache.

Siku mtakaporudi kukutana, mwambie mumeo asiharakishe kuingia. Tumieni jeli ya maji, inapatikana maduka makubwa ya dawa, na muitumie nyingi kuliko mnavyodhani inatosha. Mafuta ya nazi safi yanafaa pia, ila si pamoja na kondomu, kwa sababu mafuta huipasua, kama ilivyo kwa Vaseline. Mate hayatoshi, yanakauka upesi. Kaa juu wewe, au laleni ubavu, ili kina na mwendo viwe mikononi mwako. Ikiuma, simamisheni hapo hapo, hata kama imebaki kidogo. Mume akisimama mara ya kwanza ulipomwomba, misuli yako nayo inaanza kuamini.

Kuhusu yeye, zungumza naye mchana, si kitandani. Mweleze habari ya maziwa na estrojeni, mweleze kovu. Nenda naye hospitali kama atakubali. Nimewaona wanaume wengi wakibadilika ndani ya dakika kumi, wakisikia kutoka kwa daktari kwamba mke wao hawakatai wao, anayakataa maumivu. Akikulazimisha baada ya kuelezwa, hapo tatizo si la tiba tena. Lipeleke kwa mtu unayemwamini katika familia, au kwenye dawati la jinsia la polisi.

Usisubiri miadi kama unapata homa pamoja na maumivu ya tumbo, uchafu wenye harufu kali, damu baada ya kila tendo, mkojo au choo kinachovuja chenyewe, au tumbo kuuma ghafla upande mmoja huku ukihisi kizunguzungu. Kwa hayo nenda siku hiyo hiyo.

Umeuliza kama utazaa tena. Kovu, ukavu na misuli iliyokaza havizuii mimba. Maambukizi ya nyonga yakiachwa yanaweza kuziba mirija, na hiyo ndiyo sababu kubwa ninayotaka maumivu ya ndani yapimwe mapema. Mimba nyingine ikija, kwenye kliniki ya kwanza mwambie mkunga kwamba mara iliyopita uliongezewa njia na uliteseka. Tangu mwaka 2018 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haupendekezi kumwongezea njia kila mzazi kama desturi, na kukatwa mara ya kwanza si sababu ya kukatwa mara ya pili. Mwombe aiandike kwenye kadi yako.